Shamba la koko kwenye uwanja wa sikukuu: tunaonyesha nini, tunaficha nini?

Niseme wazi tangu mwanzo, hata kama wengine watakasirika: maonyesho yetu ya kilimo cha zamani, yale tunayoweka kwenye siku za utamaduni, mengi yanatudanganya. Sisemi ni mabaya. Ngoma ni tamu, kasiksi iko, watoto wanacheka, mgeni wa heshima anapigwa picha akishika mchi. Lakini kama kweli tunataka kuhifadhi maisha ya shamba ya wazee wetu wa Alimbongo na milima yote ya Lubero, basi kile tunachohifadhi hakijawahi kuwepo.

Onyesho lenyewe kila mmoja wetu analijua. Uwanja wa shule, viti vya plastiki, hema moja la wakubwa. Wasichana wanne wanapiga magoti na kusaga ulezi juu ya jiwe. Kijana mmoja, kifua wazi, anashika jembe la mpini mfupi na kulima mita mbili za majani ya uwanja. Mzee anaeleza kwa Kinande, msemaji wa sherehe anatafsiri nusu Kiswahili nusu Kifaransa, na anakata maneno ya mzee katikati juu saa imekwenda. Dakika kumi na tano, makofi, wanaingia wacheza ngoma. Kisha ule ulezi uliosagwa unafagiwa pamoja na makaratasi ya biskuti.

Mimi ule ulezi ndio unaniuma. Koko yeyote aliyelima kweli angeona unga wa obulo unafagiwa chini angeshika kichwa. Kilo moja ya ulezi ni palizi ya mkono, ni kufukuza ndege tangu asubuhi, ni kuvuna suke moja moja kwa kisu. Onyesho ambalo linatupa chakula baada ya kukionyesha limeshasema lenyewe kwamba haliamini kile linachofundisha.

Twende polepole.

Swali la kwanza ni zamani gani? Ukimwambia mzee "Koko, tuonyeshe namna mulikuwa munalima zamani", ana haki kabisa ya kukuuliza ni ipi. Alimbongo iko kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Kanyabayonga na Lubero, juu ya mita 2,000. Ni baridi, ni ukungu, na mgomba unateseka kule. Mashamba ambayo abiria wanaona toka dirisha la gari ni ya viazi vya kizungu, maharage, njegere, ngano, kabeji. Sasa hesabu na mimi. Viazi vya kizungu, jina lenyewe linakuambia, vilifika na wazungu. Ngano pia. Maharage na mahindi ni mimea ya Amerika. Yalivuka bahari, yakapita mikono mingi, yakapanda milima yetu na kukuta ulezi, mtama na majimbi. Kwa hiyo yule kijana wa kifua wazi tunamvika nguo ya gome la mti ya miaka ya 1800, tunampa jembe la duka, halafu anapanda maharage ambayo wahenga wa wahenga wake hawakuyajua.

Mtu atasema ninatafuta makosa madogo. Hapana. Kwangu mimi huko kuchanganya ndiko urithi wenyewe. Watu wa milima hii walipokea mmea mgeni, wakaujaribu kwenye kona ya shamba, wakaona unapenda udongo gani na unaogopa mvua gani, na baada ya miaka umekuwa chakula cha nyumbani. Mboga za Lubero zilianza kama chakula cha wazungu na cha makambi ya madini. Baadaye zikawa biashara, zikaenda mpaka Kisangani, na biashara hiyo ya mboga na maharage ni moja ya mizizi ya utajiri wa Butembo tunaojivunia. Butembo wenyewe ulianza kukua kama kituo cha kampuni ya madini, MGL. Hadithi hiyo ni nzuri kuliko ya kijana wa kifua wazi! Lakini jukwaani haionekani, maana sisi tumeamua kwamba "mila" ni kitu kilichosimama, na mzungu alipofika kikakatika.

Halafu kuna yale tunayoyaficha. Hapa naomba wenzangu wa agronomia, wa ISEAVF, wa UCG na kwingine, wanisikilize vizuri.

Toka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka mazao ya lazima. Mkulima Mkongomani alipaswa kutoa siku 60 kwa mwaka kwa mashamba na kazi zilizoamriwa. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mwaka 1942, zikafika 120. Siku 120! Theluthi ya mwaka. Asiyefanya aliona faini, gereza, fimbo. Katika milima ya Kivu kulikuwa pia na kazi ya kuzuia mmomonyoko: mifereji, mistari ya majani kukatiza mteremko, monitere anapita na kamba yake kupima. Kazi yenyewe, kwa upande wa udongo, haikuwa ya kijinga. Mlima wa kwetu ukiulima uchi mvua inaushusha bondeni. Lakini iliingia mwilini mwa watu kama adhabu, na uhuru ulipofika 1960 wengi waliiacha vile mtu anatupa nguo ya mfungwa.

Leo mwanafunzi anapanda mlima na dodoso lake, anamshauri mkulima apande mistari ya majani kukatiza mteremko, mkulima anaitika "ndiyo, ndiyo" na hafanyi kitu. Kwenye TFC tunaandika nini? "Ukosefu wa elimu." Wangapi wetu tumeandika vile? Onyesho moja tu la kweli, lenye monitere na kamba yake, lenye mama anayelima mstari ule huku moyo wake uko kwa shamba lake la ulezi ambalo ndege wanamaliza, lingetufundisha zaidi kuliko kurasa kumi za takwimu kwa nini mtu anaweza kukataa kitu kizuri.

Na muhako nao? Katika sherehe ardhi inaonekana kama hewa, kila mmoja analima anapotaka. Wazee wanajua sivyo. Ulipata mahali pa kulima kwa mwenye ardhi, na ulitoa haki yake, mbuzi, ndiyo muhako. Palikuwa na wenye kupokea na wenye kutoa, na ugomvi wa mashamba katika Lubero mpaka leo hauwezi kueleweka kama umeruka jambo hilo. Sijawahi kuona mbuzi wa muhako akipita jukwaani. Mbuzi ninaowaona kwenye sherehe ni wale wa zawadi ya mgeni, na labda hapo bila kujua tunaonyesha ukweli kidogo.

Tena, kwa nini jembe anashika kijana? Kwa wazee wetu mwanaume alikata msitu, alifyeka, alijenga. Kupanda, kupalilia, kuvuna, kuchagua mbegu, hizo zilikuwa kazi za mama, na leo bado ni zake. Onyesho letu limempa mama jiwe la kusagia tu. Limemwondoa shambani na kumrudisha jikoni, halafu linaita hiyo mila.

Najua jibu: sherehe ni furaha, nani anataka kuona fimbo na muhako siku ya sikukuu? Wengine walishajiuliza. Huko Marekani kuna mji wa makumbusho, Colonial Williamsburg, ambako watu wanavaa na kufanya kazi kama watu wa miaka ya 1700. Kwa miaka mingi wageni walikuja kuona wahunzi na mabibi wa kofia, basi. Oktoba 1994 wafanyakazi weusi wa mahali pale waliigiza mnada wa watumwa, mbele ya umati, kwenye ngazi za hoteli ya zamani. Kelele zilikuwa nyingi. Watu wa haki za weusi wenyewe walifika kupinga, wakisema maumivu ya wazee wao yanafanywa mchezo. Na mmoja wa wapinzani hao, baada ya kuangalia mpaka mwisho, alibadili mawazo. Sisemi tufanye sawa na wao. Ila inaonyesha kitu: uchungu unaweza kusimama mbele ya watu kama wenye uchungu wenyewe ndio wameupanga.

Na sisi Wakongomani tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu na mambo ya kuonyeshana. Mwaka 1897, pale Tervuren karibu na Bruxelles, mfalme Léopold II aliwaleta Wakongomani 267 na kuwaweka katika vijiji vya mfano ili Wabelgiji waje kuangalia "maisha yao". Walipika, walipiga makasia, walikaa mbele ya nyumba za majani, na ulikuwa mwaka wa baridi na mvua. Saba walikufa, makaburi yao yako kando ya kanisa mpaka leo. Mwaka 1958, katika maonyesho makubwa ya Bruxelles, wakarudia: kijiji cha Kikongo nyuma ya uzio wa mianzi, mafundi wanafanya kazi, wageni wanawarushia ndizi na karanga. Mafundi wale walikataa, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajaisha. Miaka miwili kabla ya uhuru.

Kwa hiyo kila mara ninapoona mtu anakaa chini anasaga na mwingine amesimama anapiga picha, najiuliza jambo moja tu. Huyu anayesaga ana ruhusa ya kusema? Au ameletwa asagishe mikono, na maneno ameachiwa mwenye maikro? Pale uwanjani kwetu jibu linajulikana. Mama hapewi maikro.

Kuna namna nyingine za kufanya, na si lazima twende mbali. Dar es Salaam kuna Kijiji cha Makumbusho, toka miaka ya 1960, kando ya barabara ya Bagamoyo. Wamejenga nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania, kila moja na umbo lake, na hata kituo cha daladala pale kinaitwa Makumbusho. Kazi nzuri, ya heshima. Upungufu wake ni wa aina yake: nyumba ya mkulima iliyotolewa shambani ni kama ganda la konokono. Unaona alikaa wapi, huoni alikula nini Machi wakati ghala limeisha. Skansen ya Stockholm, ambayo Artur Hazelius aliifungua 1891 na ndiyo mama wa makumbusho yote ya wazi, ilihamisha nyumba za wakulima toka pande zote za Sweden, na ikaweka na ng'ombe, mbuzi, watu wa kazi. Wanyama wanasaidia sana. Ng'ombe hawezi kuigiza, akiwa na njaa analia.

Lakini mfano unaonipendeza mimi ni Butser, Uingereza, shamba lililoanzishwa 1972 chini ya Peter Reynolds. Yule bwana hakutaka watu wavae mavazi ya kale wapige picha. Alitaka kujua. Alipanda ngano za aina ya kale, msimu baada ya msimu, akapima mavuno. Wataalamu walikuwa wamekuta mashimo mengi ardhini katika vijiji vya miaka elfu mbili iliyopita, na walisema yalikuwa ya kuwekea nafaka. Inawezekana kweli, nafaka kukaa ndani ya shimo katika nchi ya mvua vile? Reynolds akachimba shimo, akajaza nafaka, akafunga mdomo kwa udongo. Nafaka iliyogusa ukuta ikaanza kuota, ikamaliza hewa nzuri ndani ya shimo, na ile iliyobaki katikati ikalala salama. Alipofungua, nafaka ilifaa, hata kwa kupanda. Yani shamba la mfano lilijibu swali ambalo vitabu havikuwa na jibu lake. Huo ndio uhai ninaoutafuta mimi, si mavazi.

Sasa turudi Alimbongo, juu huko swali si la makumbusho tena.

Juni 2024 M23 ilichukua Kanyabayonga. Desemba mwaka ule ule vita ikapanda barabara mpaka Alimbongo. Watu walikimbia kuelekea Lubero na Butembo, na nyote munajua ni katika nyumba za nani walipokelewa: zetu. Katika kartie zetu kuna mama waliolima viazi na maharage ya baridi maisha yao yote, na leo wanabeba matofali au wanauza makala kidogo kidogo kando ya barabara. Walikimbia bila mbegu. Waliobaki nyuma, au waliorudi, wengine walikula mbegu yao.

Hapa hofu yetu ya kwanza ni kwamba mbegu za wazee zinapotea. Inabidi kuwa makini na hofu hiyo. Baada ya mauaji ya 1994, watafiti walizunguka Rwanda wakiwa na hofu ile ile, maana maharage ya pale yanapandwa kama kwetu, mchanganyiko, rangi nyingi katika kikapu kimoja. Walikuta kumbe aina za maharage hazikupotea sana. Zilijificha kwa majirani na sokoni. Kilichokosekana ni pesa ya kununua na jirani wa kukuazima. Viazi ndivyo viliumia zaidi, kwa sababu mbegu yake safi ilitegemea vituo vya serikali, na vituo vile vilianguka.

Kabla ya hapo, huko huko Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti waliwaita wanawake wanaosifika kwa maharage vijijini mwao, wakawaingiza katika mashamba ya majaribio ya kituo, wakawaambia chagueni. Aina walizochagua, walipokwenda kuzipanda kwao, zilizaa vizuri kuliko zile zilizochaguliwa na wataalamu. Waliangalia vitu ambavyo mtaalamu hakuviweka katika jedwali lake: jani linaliwa? linavumilia kivuli cha mgomba? linawahi kukomaa wakati wa njaa?

Ukiunganisha hayo mawili unaelewa nini hasa kiko hatarini kwetu. Maharage yenyewe utayakuta sokoni. Jicho la mama wa Alimbongo hutalikuta. Lile linalojua kwamba haya meusi yanavumilia ukungu, haya ya manjano yanauzwa haraka, haya ya madoa hayapendi mteremko wa upande ule, na kwamba yakipandwa pamoja hata msimu ukiharibika kitu kitabaki. Na kando ya jicho kuna ule ujirani: nani ana haki ya kuja mlangoni kwako kuomba kikombe cha mbegu, na atarudisha vikombe vingapi. Mtu aliyekimbia amebaki na jicho, amepoteza ujirani na shamba. Jicho lisilo na shamba linakaa kwa muda gani? Watoto wake wanakua mjini, wanajua maharage ni kitu cha kupimwa kwa kopo.

Kwa hiyo pendekezo langu, na mulikosoe munavyotaka, ni kwamba tuache jukwaa mwaka mmoja. Zile pesa za hema na maikro tukodi nazo kipande cha ardhi, hata kiwe kidogo. Si lazima Alimbongo, kule hali hairuhusu. Tutafute mlima wenye baridi kidogo kusini ya mji, mahali panapofikika. Tuwaalike mama wanne au watano waliotoka kule, na tuwalipe. Nasisitiza kulipa, kama tunavyomlipa profesa mgeni anayekuja kufundisha masaa yake. Tusiwapige picha na kibuyu halafu tukawape sabuni. Wao ndio wataamua nini kipandwe na lini. Sisi tutashika jembe na daftari. Kona moja ya ulezi, kwa mkono na kisu, ili tujue kilo moja inagharimu nini. Kona moja kwa kamba ya monitere, mistari yake kamili, na mzee mmoja aeleze ilivyokuwa, kwa Kinande, bila kukatwa. Maharage ya mchanganyiko sehemu kubwa. Watu waje kuangalia Jumamosi yoyote, siku ya palizi kama siku ya mavuno, na anayekuja kuangalia apewe jembe.

Watu watasema programu ya LMD haiachi nafasi. Maharage yanaomba miezi mitatu, minne kama baridi ni kali. Tumeshapoteza miezi minne kungoja matokeo ya kikao kimoja, tena zaidi ya mara moja! Watasema ardhi karibu na Butembo ni ghali, na hapo wana haki, ni ghali sana. Ndiyo maana nimesema kipande kidogo. Watasema usalama. Kwa hilo sina la kujibu isipokuwa kwamba wale mama wanajua habari za usalama kuliko sisi, na wakisema leo hatuendi, hatuendi.

Mvua ya Septemba ndiyo inafungua msimu. Kabla yake kuna kazi moja ambayo haiombi ardhi wala hema: kwenda sokoni na mmoja wa mama hao, kusimama naye mbele ya gunia la maharage ya rangi zote, na kumwangalia anachagua. Musimharakishe. Muandike kila mbegu anayoitupa pembeni, na mumuulize kwa nini ameitupa.